Ukuta wa Nyumba ya Krimu

Gari lilipovuka reli na kukata kona ya kushoto, nilianza kunusa. Mjukuu wangu, ndiye aliyekuwa anaendesha, akaniangalia kwa kile kioo cha juu. "Shosho, unalia ama ni vumbi?" Nikamwambia ni vumbi. Na enyewe vumbi lilikuwepo, lile jeupe la upande wa Kariandusi, laini kama unga, linaloingia mpaka kwa meno. Lakini wewe mwenzangu, kama ulikulia mahali halafu ukaondoka, unajua vumbi la kwenu haliingii machoni kama vumbi lingine.

Hiyo safari haikuwa mpango wangu. Mjukuu ana kazi Nakuru mjini, na huyo msichana hajui kupumzika. Mwezi wa nane akaja akaniambia, "Shosho, tunaenda holidei. Tunakodi kotej huko mashambani karibu na ziwa, wiki nzima. Hakuna kupika, hakuna kufua." Nikamuuliza, sasa tutafanya nini? Akacheka, akatoa simu anionyeshe picha. Kitanda kilichotandikwa shuka nyeupe. Maua kwa glasi. Halafu ikapita picha ya dirisha dogo lililo juu karibu na paa, lina nondo tatu, na chini yake ukuta mnene wa mawe. Nikamwambia, hebu rudisha nyuma. Akarudisha. Nikasema, "Hiyo si kotej. Hiyo ni nyumba ya krimu."

Baba yangu alikuwa mkamuaji wa ng'ombe kwa shamba la mzungu, miaka michache kabla ya uhuru, na maziwa yote ya lile shamba yalipelekwa nyumba ya krimu. Kulikuwa na mashine ya kuzungushwa kwa mkono, krimu inatokea mfereji huu, maziwa mepesi mfereji ule. Sisi watoto wa laini, zile nyumba za wafanyakazi, hatukuruhusiwa kuingia. Tulisimama nje chini ya hilo dirisha, tukinusa. Kumbe ukikaa duniani muda wa kutosha, utalala ndani ya nyumba uliyokuwa unafukuzwa mlangoni, na asubuhi mtu akuulize chai yako unaitaka na sukari ama bila.

Nikamwambia mjukuu nitaenda, lakini kwa sharti moja. Dada yangu mkubwa aende na sisi.

Lazima nikueleze habari ya dada yangu. Mimi shule nilifika darasa la pili, halafu ng'ombe wakashinda shule. Lakini majina hayajawahi kunitoka. Niulize mkondo wowote wa maji kule shambani, nitakutajia. Majina ya watu nayaacha yapumzike na wenyewe, ila ng'ombe aliokamua baba nawajua kama wanangu: Deizi, Betina, Chai Moto, Bibi Harusi, Mkorofi, Siku Kuu, na yule mweusi wa pembe moja tuliyemwita Karani kwa sababu alitembea kama mtu aliyebeba funguo. Ndama mmoja tu ndiye jina lake limenipotea. Nimelitafuta miaka mingi. Huyo nitamfikia.

Dada naye ni kinyume. Yeye majina yamemtoroka yote. Anakaa huko magharibi kwa kijana wake, na kijana wake anamtunza vizuri, siwezi kulalamika. Lakini mara ya mwisho nilipomtembelea alinipa mkono kwa heshima, akaniambia, "Karibu mama. Umetoka mbali?" Aliyenibeba mgongoni. Aliyenipa lile jina la utotoni ambalo hakuna mtu mwingine aliye hai analijua. Nikakaa naye siku mbili, ananiita mama, mama, mpaka nikaondoka. Kwa hiyo nilipoona lile dirisha kwa simu nikajiambia, tukimrudisha hapo, labda kitu kimoja kitamshika. Sikutaka mengi. Nilitaka aniite jina langu mara moja.

Kwa hivyo tukafika wanawake watatu: mjukuu, dada na mimi. Mama anayetunza hiyo kotej alitupokea kwa geti, mtu wa mwili na kicheko, na mbuzi wake watatu wanamfuata kama watoto. "Karibuni sana! Mashosho wangu wawili, mmelingana kama mapacha!" Dada akaniangalia juu mpaka chini, halafu akamwambia yule mama, "Huyu ni wa kanisa letu." Wote wakacheka. Nami nikacheka, ningefanya nini.

Mjukuu alikuwa na orodha yake ya mahali pa kutembelea, ameitoa kwa simu, na kila asubuhi anatuuliza kama tuko tayari kama dereva wa basi. Kwanza tulienda ziwani, Elmenteita. Flamingo walikuwepo, wamepanga mstari kule mbali kama nguo za waridi zimeanikwa, na mwari wale wakubwa wanaelea na midomo yao ya mfuko. Zamani sisi hatukwenda ziwani kutazama ndege. Tulikwenda kufuata magadi. Pale maji yanaporudi nyuma yanaacha ukoko mweupe, mama yetu alitutuma tuukwangue kwa kigae, ndio unaolainisha mboga ya kunde mpaka mtoto asiye na meno anakula. Nilimkumbusha dada. Nikainama nikachukua kidogo kwa kidole nikamwonjesha. Akatema. "Chumvi mbaya hii," akasema, na akaendelea kutazama ndege kama mgeni wa kawaida.

Siku iliyofuata ikawa chemchemi ya maji moto. Hapo ndipo wanawake wa laini walifua Jumamosi, kila nyumba na jiwe lake, na sisi watoto tulioshwa kwa zamu huku tukipiga kelele ati tunapikwa. Harufu ya sabuni ya mche, moshi kidogo wa mvuke asubuhi kukiwa na baridi, mama mmoja anaanza wimbo wa kanisa na wengine wanaupokea bila kuinua kichwa. Jiwe letu nilimwonyesha, bado lipo. Dada akavua viatu, akatumbukiza miguu, uso wake wote ukalegea. Nikamsogelea haraka. Akanigeukia, akasema, "Hapa ni pazuri, mama. Siku moja nitamleta mdogo wangu. Anapenda maji."

Mjukuu akanishika mkono chini ya leso.

Halafu Kariandusi, kule kwa mawe ya watu wa kale. Kijana mwenye kofia anatuonyesha mawe yaliyochongwa, yamelala chini vile yalivyoachwa, anatuambia hawa walikaa hapa kabla ya kila mtu unayemjua. Dada alimsikiliza kwa makini sana, mikono nyuma.

"Walihama lini?" akamuuliza.

"Zamani sana, Shosho. Ni zamani hata mimi siwezi kueleza."

"Nani aliwafukuza?"

Mjukuu akageuka kando anacheka, lakini mimi sikucheka, maana hilo swali nilijua lilikotoka. Shamba lilipouzwa sisi tuliambiwa tutoke kabla ya mvua, na laini yote ikavunjwa tukiiangalia. Dada ndiye aliyebeba sufuria kichwani, mimi amenishika mkono. Kitu kilikuwa bado kiko ndani yake, mwenzangu. Kilikuwa mahali kimekaa, kinasubiri kuitwa kwa njia yake. Lakini mimi nilikuwa nagonga mlango usio wake.

Siku ya nne hatukwenda popote. Magoti yangu yalikuwa yamekasirika na mlima wa Kariandusi, na mjukuu akasema leo hata yeye amechoka kuwa mtalii. Tukaweka viti nyuma ya nyumba, upande wa jua. Mbele wameipaka rangi nzuri, maua yamepanda, lakini nyuma, mwenye nyumba hajafika huko bado. Rangi imebanduka, ukuta una mabaka kama ng'ombe mwenye ugonjwa wa ngozi. Tukanywa chai. Yule mama mtunzaji akatuletea viazi vya kuchemsha na akakaa nasi, mbuzi wakilala miguuni pake.

Dada alikuwa anautazama ukuta. Aliutazama muda mrefu, akaacha hata kiazi chake. Mwishowe akasema, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu akiwa msichana, sauti ya mtu mwenye nyumba:

"Nani ameacha ukuta namna hii? Na Krismasi inakuja!"

Ilikuwa Agosti. Lakini mimi nilisimama, magoti au hakuna magoti.

Ngoja nikueleze. Kwa laini, nyumba zilikuwa za udongo, zote sawa, mlango mmoja na dirisha la kiganja. Mwaka mzima zilikuwa za kahawia na moshi. Lakini mwezi wa kumi na mbili wanawake walikwenda kuchimba udongo mweupe kwenye ukingo wa njia, ule mwepesi ambao ukiuweka kwa ulimi unanata, wakarudi na vikapu, na laini yote ikapakwa upya kwa ajili ya Krismasi. Kila nyumba ilikuwa na mkono wake. Wengine walipaka wima, wengine vidoti. Mama yetu alitoka magharibi, kwao kuta ni kazi ya kujivunia, na alipaka nusu miezi, kila mmoja umekalia mabega ya mwingine kama magamba ya samaki, kwa kiganja kitupu. Ukiwa mbali nyumba yetu ilionekana kama inapumua. Mama alipoanza kuumwa kifua, dada akachukua kazi hiyo. Alikuwa msichana mdogo tu lakini mkono wa mama ulikuwa umeshamwingia. Kazi yangu ilikuwa kukoroga kwenye debe kwa mwiko ulionizidi urefu.

Sasa, yule ndama. Mwaka mmoja tulimaliza kupaka mkesha wa Krismasi, laini nzima ikaja kutusifu, halafu tukaenda kanisani kufanya mazoezi ya nyimbo. Tuliporudi ukuta ulikuwa umelambwa! Kuanzia chini mpaka pale ulimi wa ndama unapofika, weupe umeisha, umebaki udongo unaong'aa mate. Na yeye amesimama pale, pua nyeupe kama mpishi, na alama yake ya mraba kwenye paji la uso. Mama alicheka mpaka akaketi chini. Dada alilia. Alfajiri tuliamka tukapaka tena mimi na yeye, na kanisani tuliingia weupe mpaka viwiko, mwalimu wa Sunday School akasema malaika wamefika mapema. Hadithi hiyo nimewasimulia watoto wangu na watoto wao, na kila mara wananiuliza, "Ndama aliitwa nani?" Nami mwenye majina yote nakwama.

Basi nikamwuliza mama mtunzaji, je, ule udongo mweupe bado uko pale ukingoni? Akasema uko, hata yeye anaoshea sufuria. Nikamwomba ndoo.

"Kwa nini, Shosho?"

"Tupake huu ukuta."

Akaangalia ukuta, akamwangalia dada, ambaye alikuwa tayari amekunja mikono ya sweta. Nafikiri alielewa zaidi ya nilivyomweleza. "Huko nyuma hakuna mtu anapaona," akasema. "Na mwenyewe akiuliza, nitamwambia ni mapambo."

Mjukuu na yeye wakaenda wakarudi na ndoo imejaa. Nikauponda ule udongo kwa jiwe, nikamwaga maji, nikaanza kukoroga kwa kijiti. Nilikuwa na haraka, niseme ukweli. Niliogopa hiyo sauti yake itaondoka kabla sijamaliza. Dada akaja akasimama juu yangu. Akatumbukiza kidole, akakisugua na kidole gumba, akakunja uso.

"Uji uko wapi?"

"Uji gani?"

"Uji! Ukipaka na maji matupu kesho unaanguka kwa nguo za wageni. Wewe unatoka wapi wewe?"

Ni kweli. Mama alipika uji mwepesi wa mahindi, akaupoza, akakorogea udongo ndani yake, ndio unaoshika. Mimi niliyekoroga miaka yote hiyo nilikuwa nimesahau. Mjukuu alikimbia jikoni. "Aki Shosho Mkubwa, na sukari?" akauliza kwa dirisha. Dada akamjibu, "Ukuta hauna meno. Sukari ya nini?"

Uji ukaja, tukaupoza kwa kuumimina huku na huku. Nikakoroga. Ukawa mzito, mlaini, ule weupe wa maziwa niliokuwa naujua. Nikanyanyua kiganja niujaribu ukutani, dada akanipiga mkono. Akanipiga kweli, mwenzangu, kibao cha dada mkubwa.

"Na shubiri?"

Nikamwangalia. Akaelekeza kidole kwenye ua wa jirani, kwenye ile mimea ya miiba inayotoa maji machungu.

"Weka shubiri, Kamwiko. Unataka Stampu aulambe tena?"

Stampu. Kwa sababu ya ile alama ya mraba kwenye paji, kama stempu kwenye barua. Ndiye. Ndiye yeye, na hakuna jina lingine ambalo angeweza kuitwa. Na Kamwiko ni mimi, yule mtoto wa mwiko mrefu. Nikakaa chini kwenye majani kama mama yetu alivyokaa, sijui kama nilikuwa nacheka ama nini. Mjukuu akaja mbio. "Shosho, nini? Umeumia?" Nikamwambia ni vumbi.

"Acha kukaa chini kama mgeni," dada akasema. "Koroga."

Nikakoroga. Tukakamulia shubiri ndani. Na dada yangu akapaka. Kiganja kinashuka, kinajipinda, kinapanda, nusu mwezi, mwingine mabegani pake, mwingine. Hakupima, hakurudi nyuma kuangalia. Mimi nilijaribu upande wangu akanicheka, akaniambia napaka kama mtu anafukuza nzi, neno lile lile la zamani. Mjukuu akavua pete zake akaomba afundishwe, na dada akamshika kifundo cha mkono akamwongoza. "Usisukume. Acha mkono uanguke wenyewe." Mama mtunzaji naye akaingia. Mpaka jua linageuka, wanawake wanne tulikuwa weupe mpaka viwiko na nyuma ya nyumba ya krimu ilikuwa inapumua.

Nisikudanganye. Asubuhi yake dada alinisalimia, "Habari ya kuamka, mama," na akaniuliza kama mimi nakaa karibu. Nilidhani itaniuma kama mwanzo. Nikamjibu, "Mimi ni jirani yako hapa laini." Akafurahi. "Karibu kwetu," akasema. "Umeona ukuta wetu?" Akanishika mkono, akanizungusha nyuma ya nyumba kunionyesha.

Laini haipo. Nilitembea mpaka pale ilipokuwa, ni shamba la mtu sasa, ana mahindi mazuri. Mashine ya krimu haipo, Deizi na Betina na Karani walikwisha kitambo, na magadi watu wananunua dukani kwa pakiti. Garimoshi lililokuwa linatupigia honi jioni linapita mara moja moja. Watu waliojua nyumba yetu ilikuwa ipi, tumebaki wawili, na mmoja wetu anajua leo na hajui kesho. Nilikuwa naogopa sana hiyo habari, kwamba mimi ndiye debe la mwisho na likitoboka kila kitu kinamwagika. Siogopi tena hivyo. Nilikuwa nimedhani mambo yanakaa kwa majina, na mimi ndiye mwenye majina. Kumbe mengine yalikuwa yamekaa mkononi mwa dada yangu, salama, pakavu, na sasa mkono wa mjukuu nao umeonja. Ameshazungumza na mama mtunzaji kuhusu Desemba. Uji ataupika mwenyewe, bila sukari.

Siku ya kuondoka tulipakia mizigo, halafu tukaenda nyuma kuaga ukuta. Ulikuwa umekauka, mweupe kabisa. Mbuzi mmoja wa yule mama alikuwa ametangulia. Akanyoosha shingo, akaulamba mara moja, akasimama. Akakunja mdomo, akapiga chafya, akaondoka zake bila kutuangalia.

"Umeona?" dada akaniambia, akinipiga kiwiko. "Shubiri."